Wazee Walijua, Sawa. Halafu?

Habari ikitoka redioni kwamba wanasayansi wametangaza mmea mpya au chura mpya kutoka msitu fulani wa Kwale, pale maskani kwetu Ukunda hazipiti dakika mbili kabla mtu hajasema: "Mpya kwa nani? Wazee wetu walijua zamani." Vichwa vinatikiswa. Kahawa inanywewa. Mjadala umekwisha, Mzungu ameaibika, tumeshinda. Kesho yake msitu uko palepale na sisi tuko palepale.

Mimi nilikuwa bingwa wa sentensi hiyo. Nimeiandika kwenye makala mbili za kulipwa na moja ya bure. Leo naikana hadharani, na najua kuna watu watanuna.

Iliniharibikia mkononi mwa babu yangu. Babu ni Mdigo wa huku Msambweni, na akiingia msituni anaita miti kama anayeita wajukuu: huu wa dawa ya tumbo, huu wa mpini wa jembe, huu haukatwi hata kama nyumbani hakuna kuni. Siku hiyo nilimpelekea kitu nilichookota chini ya jiwe kwenye kijito kimoja kinachoteremka kutoka vilima vya Shimba. Kijumba kidogo, urefu wake kama punje mbili za mchele, kimejengwa kwa chembe za mchanga zilizopangwa moja moja kama matofali ya fundi mwenye subira. Ndani yake buu linachungulia.

Babu alikiweka kiganjani, akakisogeza kwenye mwanga, akakitazama kwa muda. "Hiki ni kidudu cha maji, mjukuu wangu."

"Kinaitwaje, babu?"

"Si nimekwambia? Kidudu cha maji." Akanirudishia.

Hakuona aibu, na hakuwa na sababu ya kuona. Kitu kisicholiwa, kisichouma, kisichotibu wala kuharibu shamba, mtu akipe jina la nini? Aibu ilikuwa yangu mimi, niliyejaza kurasa kwamba wazee walijua kila kitu. Nilikuwa nimemtwisha babu mzigo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kudai kuubeba.

Mdudu yule ni wa kundi linaloitwa Trikoptera. Ni Kigiriki, maana yake mabawa yenye nywele. Akiwa mchanga anaishi majini na anatoa uzi wa hariri mdomoni. Kwa uzi huo aina nyingine hujenga vijumba vya mchanga au vipande vya majani, na nyingine hutega vyavu vidogo kati ya mawe na kula kinachonaswa. Akikomaa anatoka majini na mabawa yake. Ukimwona usiku kwenye taa ya barazani utasema ni nondo mdogo wa rangi ya vumbi, umpige na kandambili, yaishe.

Duniani kote zaidi ya aina 16,000 za Trikoptera zimeshapewa majina, na kila mwaka zinaongezwa nyingine. Lakini kazi yenyewe si ya kutazama tu na kusema "huyu sijawahi kumwona". Aina mbili zinaweza kufanana rangi, ukubwa na mabawa. Mara nyingi inabidi umpate dume aliyekomaa, umhifadhi kwenye spiriti, ukate ncha ya tumbo lake, uiloweke kwenye dawa inayokula nyama na kuacha gamba, kisha uweke viungo vyake vya uzazi chini ya hadubini na kuvichora: kila pindo, kila kindoano, kila kinywele. Mchoro wako unaulinganisha na michoro ya jamaa zake wote iliyowahi kuchapishwa. Usipofanana na hata mmoja, ndipo unaanza kushuku kwamba umekutana na mgeni.

Sasa niambie, ni mzee gani wa kaya aliyefanya hivyo? Hakuna. Na Mzungu naye hakuzaliwa na ujuzi huo tumboni. Alifundishwa, akapewa meza, taa na muda. Georges Marlier, Mbelgiji aliyefanya kazi Uvira kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliwaeleza wadudu hawa wa Kongo mashariki miaka ya 1940 na 1950. Philip Corbet alikuwa Jinja miaka hiyo ya 1950 akitega wadudu wa Ziwa Viktoria kwa taa, akihesabu wangapi wanatoka mwezi unapoandama na wangapi unapopevuka. Walikuwa na vipaji, sikatai. Lakini kwanza kabisa walikuwa na kituo, mshahara na kabati.

Kujua msitu ni kazi moja, na kueleza spishi ni kazi nyingine. Wazee wetu walifanya ya kwanza, tena waliifanya vizuri mno. Miti mikubwa bado imesimama Kaya Kinondo, hatua chache kutoka hoteli za Diani, kwa sababu kulikuwa na miiko na watu wa kuisimamia. Mwaka 2008 UNESCO ilipoziandika kaya za Wamijikenda kwenye Urithi wa Dunia, ilikuwa inaandika matunda ya kazi hiyo. Wazee walitulindia nyumba. Orodha ya waliomo ndani hawakuimaliza. Ile ilikuwa zamu yetu, nasi tumekaa kwenye baraza ya nyumba hiyo tunajisifia ukoo.

Kuna atakayesema: majina ya Kilatini ya nini? Mdudu atakula jina? Msitu utapona kwa jina?

Twende Tanzania kwanza. Kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 watafiti walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta chache tu. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Maelezo yake ya kisayansi yalitoka mwishoni mwa muongo huo, akaitwa Nectophrynoides asperginis, jina linalotaja manyunyu. Lakini maji yalikuwa yanageuzwa kwenda kwenye mitambo. Manyunyu yakakauka. Vyura karibu 500 walisafirishwa kwenda kwenye bustani za wanyama Marekani, wale waliobaki korongoni wakaporomoka mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena. Imebidi watu wawatengenezee manyunyu ya mabomba kabla ya kuanza kuwarudisha mwaka 2012. Chura huyo alipata jina. Shida ni kwamba alilipata baada ya mkataba wa bwawa kusainiwa. Angekuwa na jina miaka 20 kabla, angalau angekuwa na kiti kwenye mkutano.

Na wale wasio na jina hata sasa? Hao hawapotei kwa kelele. Ripoti ya tathmini ya mazingira haiwezi kuandika "tutamuua fulani" kama fulani hana jina. Anaingia kwenye neno moja: "wadudu".

Sasa turudi kwetu. Mlima Mrima una madini ya niobiamu na yale madini adimu ambayo dunia nzima inayapigania. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec kuchimba pale, na kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya kimataifa ya usuluhishi. Uamuzi ulitoka Oktoba 2018, Kenya ikashinda. Soma sababu. Leseni haikuwa halali kwa sababu matakwa ya sheria hayakutimizwa, ikiwemo kibali cha mazingira, na mlima wenyewe ulikuwa umeandikwa kisheria kama msitu wa hifadhi na turathi ya taifa. Kwa maneno mengine, mbele ya wale majaji Mrima ulisimama kwa miguu ya karatasi. Watu waliandamana, wazee waliomba dua, na vyote vilikuwa na thamani yake, lakini kwenye meza ile kilichosomwa ni kilichoandikwa.

Na dunia haijaacha kuutamani Mrima. Watarudi, kwa jina jingine na gari jipya. Siku hiyo tutakuwa tumeandika nini zaidi?

Jirani ya Mrima kuna mlima Dzombo. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Léo-Paul Dagallier walitangaza mti wa huko ambao sayansi haikuwa na jina lake, wa jamii ya mstafeli na mtopetope. Wakauita Uvariodendron dzomboense. Dzombo imo ndani ya jina, milele, kwenye kila kitabu cha mimea kitakachoutaja mti huo. Chapisho hilohilo lilitangaza ndugu yake wa Tanzania, Uvariodendron mbagoi, kwa heshima ya Frank Mbago, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilipoliona jina hilo nilinyamaza kidogo. Mbago hakusubiri mtu amwambie kwamba wazee wake walijua. Alienda msituni na kibanio cha kukaushia majani, mwaka hadi mwaka, mpaka waliokuja wakashindwa kuandika bila kumtaja.

Sasa nije kwa hawa wanaokuja, wasidhani wamepona.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka chuo katikati ya mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilipata kibarua cha kumbebea mtafiti mmoja mgeni jenereta. Usiku tulitundika shuka jeupe kando ya mto, tukawasha taa ya mwanga wa zambarau, na shuka likajaa viumbe kama kanga yenye maua yanayotembea. Yeye alichagua, mimi nikashika chupa. Niliuliza maswali mengi mpaka akacheka. Alinieleza vizuri, sitamsingizia. Alinilipa kwa siku kama tulivyokubaliana. Chupa zikaenda, naye akaenda. Sijaona karatasi, sijaona jina la mto wetu, sijapata hata barua pepe yenye picha moja.

Sidai jina langu lipachikwe kwenye tako la mdudu. Nadai kitu kidogo zaidi: nakala ya sampuli zibaki hapa, matokeo yarudi hapa, na anayebeba jenereta afundishwe kuchora. Sheria zipo. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 za kupata rasilimali za viumbe na kugawana faida, na mwaka 2014 iliridhia Itifaki ya Nagoya. Lakini kanuni bila kabati la kupokelea sampuli ni sawa na kumdai mtu mahari huku huna nyumba ya kuiweka.

Tena kuna uzushi mmoja unatuumiza sisi tuliokosa vyeti kuliko karo yenyewe. Tunaambiwa kazi hii ni ya wasomi wakubwa. Nenda kasome Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama. Ili jina la mnyama mpya likubalike linatakiwa lichapishwe inavyopasa, kwa herufi za Kilatini, liambatane na maelezo ya kumtofautisha na wengine, na kielelezo kimoja maalum kitajwe pamoja na mahali kilipohifadhiwa. Jina laweza kutoka lugha yoyote, Kidigo kikiwemo, Kiduruma kikiwemo. Hakuna kifungu kinachodai shahada. Nimekitafuta kwa hamu ya mtu aliyefukuzwa harusini, sikukiona.

Na si nadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu spishi mpya za Ulaya ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 zilielezwa na watu ambao hiyo si kazi yao ya kuajiriwa. Wastaafu, walimu, watu wa kawaida wenye hadubini kwenye meza ya jikoni. Huko, mtu akikaa jioni kuchora tumbo la mdudu anaitwa mpenzi wa maumbile. Huku mimi nikiinamia kijito naulizwa kama nimetumwa kutafuta dhahabu.

Niliwahi kuingia ofisi moja, siitaji, kuuliza utaratibu wa kukusanya wadudu wa maji. Bwana aliyekuwa mezani akaniuliza, "Barua ya chuo iko wapi?" Nikamwambia sina chuo. Akaniangalia kwa huruma ambayo ningependa angeiacha nyumbani kwake. Naelewa vibali lazima viwepo. Bila vibali misitu yetu ingeshapakiwa kwenye masanduku yote. Lakini mlango umetengenezwa kwa kipimo cha mtu anayekuja na chuo mgongoni, ambaye mara nyingi ni yule wa ndege, na kijana wa Lukore anayekijua kijito kiangazi na masika anaambiwa asubiri nje. Kisha tunashangaa kwa nini majina yote yanatoka nje.

Hoja hii haiishii kwenye heshima. Mabuu haya ni wapimaji wa maji. Mengi hayavumilii uchafu. Mto ukiharibika, hutoweka mapema, kabla mtu hajaanza kuumwa tumbo. Afrika Kusini wana kipimo kinachoitwa miniSASS ambacho hata watoto wa shule hukitumia: wanageuza mawe, wanahesabu vidudu, wanaupa mto alama. Hapa Kwale uchimbaji wa titaniamu wa Base ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na ukafungwa Desemba 2024. Bwawa la kampuni lilijengwa kwenye mto Mkurumudzi. Sasa tunaambiwa ardhi inarejeshwa. Vizuri. Lakini mto ukisemwa umepona, umepona kulingana na nani? Nataka shahidi anayelala ndani ya maji yenyewe. Na ili shahidi aitwe kortini, lazima awe na jina. Kule Kinango nako bwawa la Mwache linajengwa. Kihansi imeshatufundisha kwamba kuhesabu kunafanywa kabla.

Msiniambie watu wa kijiji hawawezi. Nendeni Gazi, hapo Msambweni. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayotunzwa na mikoko, na ili kuuza lazima mikoko ipimwe na kuandikwa. Watu wa Gazi walijifunza na watafiti wa baharini walio pale pale kijijini, wakaendelea. Pesa zimeingia kwenye maji na shule. Tofauti ya Gazi na vijito vya Shimba si akili za watu. Gazi kuna kituo, kuna mwalimu, kuna daftari linalobaki.

Ninachotaka basi kinaweza kuingia kwenye chumba kimoja. Chumba kimoja Kwale mjini, chini ya kaunti au tawi la chuo, kikiwa na hadubini mbili, spiriti, makabati yasiyoingia mchwa, intaneti, na mtu mmoja kutoka Makavazi ya Kitaifa anayekuja kufundisha mara moja kwa mwezi. Vielelezo vikuu vikipelekwa Nairobi sitagomba, mradi vinavyofanana navyo vibaki hapa. Kibali cha mtu wa eneo kipitie chumba hicho, cheti cha chuo awe nacho asiwe nacho. Na mtafiti yeyote mgeni asitie saini ya kuondoka kabla hajamfundisha mwenyeji mmoja kazi nzima, kuanzia shuka la usiku mpaka mchoro. Bei ya chumba hicho haifiki gari moja la mheshimiwa.

Watu wa maskani nao wana deni. Siku nyingine redio ikitangaza spishi mpya kutoka Kwale, kabla hamjasema wazee walijua, taja mto mmoja na vidudu vitatu vilivyomo. Ukishindwa, kunywa kahawa yako kimya.

Mimi kwa sasa nageuza mawe nje ya hifadhi, napiga picha kwa lenzi ndogo niliyoibana kwenye simu, kisha narudisha kila kijumba majini. Nina picha zaidi ya 200. Najua hazitoshi, picha ya kijumba haionyeshi kile kindoano cha tumboni kinachoamua kesi. Juzi nilimwonyesha babu moja, nikaikuza mpaka kila chembe ya mchanga ikaonekana. Akavaa miwani. "Kumbe anachagua mawe," akasema. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza, "Na huyu anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa.